Ncha za Waya na Mayai ya Kyimo

Kosa langu la kwanza katika ufundi lilitokana na kupenda usafi. Nilikuwa nikipaka risasi ncha za waya kabla ya kuzifunga chini ya skrubu.

Kwa asiyeijua kazi hii nitaeleza kidogo. Waya laini wa umeme una nyuzi nyingi nyembamba ndani yake, na ukiuchuna ganda nyuzi zile hutawanyika kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Risasi ndiyo ile tunayoiyeyusha kwa kichomeo ili kuunganisha vitu kwenye bodi ya saketi. Mimi sikuweza kuvumilia nyuzi zilizotawanyika. Nilizisokota, nikazipaka risasi ya moto, zikawa ncha moja ngumu, inayong'aa, iliyonyooka kama sindano. Kisha niliichomeka kwenye konekta, kile kitofali kidogo cha plastiki chenye tundu ubavuni na skrubu juu, nikakaza mpaka kiganja kikauma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina mwalimu wala cheti, na kila fundi aliyefungua kazi yangu alisema inapendeza. Niliamini kwamba kitu kinachopendeza kiasi kile hakiwezi kuwa kibaya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vilianza kuonekana kwenye meza za Tukuyu: redio za kaseti, televisheni zilizotumika, mashine ambazo hata muuzaji hakujua kazi yake. Vingi vilifika vimeshachoka, vikafa mapema, na katika vifo hivyo nilipata shule. Nilifungua kitu kilichokufa, nikachora kila njia ya shaba kwenye daftari, nikafuta, nikachora tena mpaka mstari unyooke. Nilikuwa na kitabu kimoja cha elektroniki, cha Kiingereza, kisicho na jalada wala kurasa thelathini za mwanzo. Kwa hiyo nilianza elimu yangu katikati, na mpaka leo yapo mambo ya msingi ninayoyajua kwa kubahatisha.

Nilikaa kwa shangazi, dada yake baba, Msasani ya hapo hapo Tukuyu, kwa sababu kwake kulikuwa na umeme na kwetu Kyimo hakukuwa nao. Mama alipokuja siku moja akakuta nimetengeneza bodi inayowasha na kuzima taa yenyewe kwa kufuata joto, aliitazama muda mrefu. Taa ikiwaka, kipande cha bati nilichokuwa nimekiweka karibu yake kinapata joto, bodi inalia tiki, taa inazima. Bati likipoa, tiki, taa inawaka. Aliuliza swali moja tu: je, joto hilo linaweza kuwa la kuku?

Sikuwa nimefikiria kuku hata mara moja. Yeye alikuwa hafikirii kitu kingine. Miezi ya mvua za kwetu, ukungu unaposhuka na kukaa siku tatu bila kuondoka, kuku huyaacha mayai yakapoa, na vifaranga wachache wanaopatikana huchukuliwa na mwewe mmoja mmoja. Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, na kikundi kilikuwa kimezungumza mwaka mzima juu ya kufuga kuku wengi kwa pamoja bila kupata pa kuanzia. Akarudi Kyimo akawaambia kwamba pa kuanzia pamepatikana, na kwamba pako kwa mwanawe.

Nilitengeneza sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati nikajaza pumba za randa. Taa nne ndani, sinia la maji chini, kioo kidogo juu cha kuchungulia. Kwenye ubavu nilifunga bodi yangu, na kwenye bodi konekta, na kwenye konekta ncha zangu za sindano. Mayai yalikuja kwenye tenga, yamepangwa katikati ya majani makavu ya mgomba, hamsini na nane. Kila mama alikuwa ameweka alama ya mkaa kwenye mayai yake: huyu msalaba, huyu mistari miwili, huyu duara, huyu kitu alichosema ni jembe. Niliyashika kwa mikono miwili, moja moja, na nakumbuka niliwaza kwamba sijawahi kuaminiwa na watu wengi namna hii kwa wakati mmoja.

Siku ya saba niliinua yai moja mbele ya tundu nililolitoboa kwenye kopo lenye taa ndani. Nilitegemea kuona kivuli. Niliona mishipa, myekundu, imetandaa kutoka kwenye doa moja kama mito inavyoshuka kutoka mlima Rungwe, na lile doa lilikuwa linarukaruka. Nilikaa chini. Mama alikuwepo, nikampa naye aone. Alitazama, akanirudishia yai kwa uangalifu wa mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake, akasema, "Kumbe ndani ya yai kuna haraka namna hii." Tuliyatazama yote. Matano tu yalikuwa matupu.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne nilifungua kifuniko nikakutana na ubaridi.

Taa zote nne zilikuwa zimezima. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Bodi ilikuwa inalia tiki kama kawaida, inaamuru, ila amri haikufika. Nikagusa waya wa taa pale kwenye konekta, ukatoka wenyewe mkononi mwangu. Ncha iliyokuwa inang'aa ilikuwa nyeusi. Skrubu niliyoikaza mpaka kiganja kikauma ilikuwa inacheza.

Nilirudisha waya, nikakaza, taa zikawaka. Niliyapima mayai yote hamsini na matatu mbele ya tundu la kopo. Mishipa ilikuwepo. Hakuna kilichoruka.

Shangazi alikuwa Matwebe kwenye msiba wiki ile nzima, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunisuta. Mama alipokuja, nilimwambia umeme ulikatika. Sikupanga kusema hivyo. Nilifungua mdomo kusema ukweli na hayo ndiyo yaliyotoka, na yalitoka yakiwa yamenyooka, safi kama ncha zangu. Akaamini. Akina mama nao wakaamini, maana umeme ulikuwa ukikatika kweli mara kwa mara. Walisema Mungu akipenda watakusanya tena. Mama akanieleza kwamba safari hiyo ataweka na mayai yake yote, asiangulishe kuku hata mmoja nyumbani, ili wenzake waone kwamba mwenyekiti hawasukumi mahali asipokwenda mwenyewe.

Hapo ndipo hofu iliponishika, kwa sababu sikujua kwa nini waya ule ulitoka. Nilipaka risasi upya, nikakaza upya, nikaacha taa ziwake na kuzima siku nne bila yai hata moja. Siku ya nne niligusa skrubu kwa bisibisi. Ilizunguka robo bila kupinga. Nikakaza. Baada ya siku tatu ikazunguka tena. Mtu wa kawaida angetafuta konekta nyingine. Mimi niliacha kula vizuri. Nilikuwa naamka, nagusa skrubu. Nanawa uso, nagusa skrubu. Nilianza kuwaza kwamba labda tatizo ni mkono wangu.

Jumamosi moja nilikwenda Kyimo. Mama alikuwa nyuma ya jiko, anashusha mzigo wa kuni alioufunga kama wiki mbili nyuma na kuuegesha chini ya paa. Alipouinua, kuni za katikati zilichomoka zikamwangukia miguuni, na kamba ikabaki mkononi mwake kama bangili iliyompwaya. Nilimwuliza nani aliufunga vibaya hivyo. Akanitazama.

"Niliufunga mimi, na niliukaza kwa goti. Kuni mbichi hazifungwi zikafungika, mwanangu. Unakaza leo, zenyewe zinanywea taratibu, kamba inabaki inabana hewa."

Nilisimama pale na gogo mkononi. Risasi ni laini. Nilijua ni laini, nilikuwa naikata kwa meno, na sikuwahi kujiuliza ulaini ule unafanya nini chini ya skrubu. Taa inapowaka waya unapata joto, inapozima unapoa, na kila mara risasi inanywea kidogo, inakimbia mbano kidogo, mpaka skrubu inabaki inabana hewa. Nyuzi tupu za shaba, zile nywele zilizonikera, zingekuwa kuni kavu. Mimi ndiye niliyezipaka ubichi. Usafi wangu ndio ulioua mayai.

Nikaona kwamba siwezi kuchukua jibu kwake nikamwachia uongo. Nikasema, "Mama, umeme haukukatika."

Aliendelea kupanga kuni. Nilimweleza yote, kuanzia risasi mpaka msiba wa Matwebe. Alipomaliza kupanga alipangusa mikono kwenye kitenge.

"Uliniambia mimi peke yangu kwamba ulikatika?"

"Na wenzako pia, kwa mdomo wako."

"Basi mdomo wangu nimeutumia tayari. Safari hii utatumia wako." Akaongeza kwamba wataleta mayai baada ya ibada, Jumapili ya pili kuanzia kesho yake, na kwamba nitasema kabla tenga halijafunguliwa. Anayetaka kurudi na mayai yake arudi nayo.

Nilikuwa na wiki moja na siku moja. Nilitaka nisimame mbele yao nikiwa na kitu ninachoweza kukiapia. Ningeweza kufunga nyuzi tupu chini ya skrubu, lakini unyevu wa Tukuyu naujua. Shaba tupu huota kijani kama jiwe la mtoni, na uzi mmoja ukipotoka unagusa jirani. Ningeweza kuchomelea waya moja kwa moja kwenye bodi, lakini nilishaona waya wa namna hiyo ukikatika shingoni, pale risasi inapoishia na ulaini unapoanza, na tena bodi isingeweza kutoka kwenye sanduku bila kukata kila kitu.

Pale Msasani kulikuwa na kaka mmoja aliyeuza mabaki ya mashine. Kwake kulikuwa na maiti ya mashine ya kutolea nakala, kubwa kama kitanda cha mtoto, iliyokuwa imetoka ofisi moja mjini. Niliwahi kuipita mara nyingi nikitamani injini zake ndogo. Safari hii niliinama nikatazama waya zake. Zilikuwa nyingi, zimepangwa kama misuli, na kila moja iliishia kwenye plagi nyeupe ya plastiki iliyovaa juu ya vijiti vya bodi. Nilivuta plagi moja ikatoka kwa mlio mdogo. Niliirudisha, ikaingia kwa mlio ule ule. Nilifanya hivyo mara nyingi sana.

"Mtaalamu," yule kaka akaniambia, "watu wananunua ng'ombe mzima, wewe unakuja kutafuta meno."

Nilimwambia nataka meno yote, na ufizi wake. Nikaondoka na waya za plagi, pamoja na vipande vya bodi vyenye vijiti vyake.

Nyumbani nilichomoa kidude kimoja cha chuma kutoka ndani ya plagi. Ni kidogo kuliko punje ya ulezi iliyoota. Mbele kina kikombe kinachokumbatia kijiti cha bodi. Nyuma kina mabawa mawili yaliyokunjwa juu ya waya. Nilitafuta risasi. Hapakuwa na risasi. Waya umeshikwa kwa kubanwa tu, nyuzi tupu ndani ya mabawa ya chuma, basi. Nilidhani ni ubahili wa kiwandani. Nikauvuta kwa plaizi. Nyuzi zilikatika kwanza, kidude kikabaki kimeshikilia zilizobaki.

Nikataka kuona ndani. Nilikibana kidude kingine katikati ya vipande viwili vya mbao, nikakikata kwa msumeno wa chuma pale pale mabawa yalipokunja, nikasugua uso wake kwenye jiwe la kunolea, kisha kwa majivu laini, kisha kwa dawa ya meno, mpaka ukawa kioo. Nilikuwa na lenzi niliyoitoa kwenye kamera mbovu. Nikasogea dirishani.

Nyuzi za waya ni za mviringo. Hilo ndilo umbo lake, kila mtu anajua, na vitu vya mviringo vikipangwa pamoja huacha nafasi, kama viazi kwenye gunia. Nilichokiona hakikuwa na nafasi. Kila uzi ulikuwa umesukumwa na wenzake mpaka ukaacha uviringo wake, ukawa na pembe, na pembe zimeingiana na pembe. Lilikuwa sega la nyuki. Sega la shaba, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na ukingoni mwake mabawa ya chuma yamelikumbatia bila ufa. Hewa isingepita hapo. Unyevu wa Tukuyu wote, na ukungu wa Rungwe wote, usingepata mlango.

Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi, nikabadilisha jicho.

Kuna mtu, mbali sana, alikaa akapima ni nguvu kiasi gani ikandamize hapo. Ikipungua, hewa inabaki. Ikizidi, nyuzi zinakatika. Akapata kipimo, na kipimo kile kikarudiwa kwenye kila waya wa mashine ile, ndani ya plagi, ndani ya kifuniko, mahali ambapo hakuna mteja atakayefungua wala kusema inapendeza. Mimi nilikuwa nimetumia miaka yangu yote ya ufundi kung'arisha sehemu inayoonekana. Nilijisikia mdogo, lakini udogo wenyewe haukuniuma. Ulikuwa kama ule wa kusimama chini ya maporomoko, maji yanakurushia vinyunyu.

Nilijaribu kubana kidude kingine mwenyewe kwa plaizi. Nikakikata, nikakisugua, nikatazama: gunia la viazi. Nikajaribu kwa kugonga kwa nyundo. Viazi vilivyopondeka upande mmoja. Nilirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa. Mwishowe nilikubali jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu, kwamba mkono wangu hauwezi kitu hiki, na kwamba njia ya heshima ni kutumia kazi ya mkono ulioweza. Nikachukua waya zilizokwisha kubanwa kiwandani, jinsi zilivyo: nyembamba kwa ajili ya kipima joto, na zile nene, zenye vidude bapa, kwa ajili ya taa. Zilikuwa fupi. Vijiti vyake nilivichomelea kwenye bodi yangu, na waya sikuziunga. Nilihamisha bodi, nikahamisha na taa, sanduku likafuata waya.

Kisha nilizipima. Nilining'iniza kilo ya maharage kwenye kila waya, mmoja baada ya mwingine, nikahesabu mpaka mia tatu. Mama alikuwa amekuja kuona kazi imefika wapi. Alikaa kwenye kigoda akatazama mfuko ukining'inia.

"Unapima waya au unapima maharage?"

Nilimwambia napima waya. Akasema basi nikimaliza nimpe maharage akayapike, yasije na yenyewe yakawa yamechoka. Halafu nilimpa lenzi na kile kidude nilichokisugua. Alikitafuta muda, akakipata. Alisema polepole, kwa lugha ya kwetu kwanza na kisha kwa Kiswahili, kama vile anahakikisha na mimi nimesikia, kwamba hilo ni sega.

Jumapili ile walikuja kumi na mmoja, na matenga mawili. Nilisimama mlangoni kwa shangazi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayarekebisha mara tano, na nilipowaona nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nikasema tu kwamba umeme haukukatika, waya ulilegea, niliufunga mimi, na nilidanganya.

Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati. Kisha mama mmoja mnene, yule wa alama ya jembe, akashika kiuno.

"Kwa hiyo wale watu wa umeme mimi nimewaombea mabaya bure wiki tano?"

Mwingine akamwambia aanze kuwaombea mema, deni ni deni, na wakacheka. Hawakucheka wote. Mama wa mistari miwili alikuwa ametembea kutoka Matwebe. Alisema kwamba yeye hakukasirikia mayai, yai ni yai, lakini alisimama kanisani akawaambia watu umeme ulikatika, na sasa yeye ni mwongo. Akafungua tenga moja, akachukua mayai yake manane, akayafunga kwenye khanga, akaaga vizuri, akaondoka. Hakurudi tena kwangu na chochote. Alikuwa na haki, na nikikutana naye njiani namsalimu mimi kwanza.

Wale kumi walibaki. Waliniomba niwaonyeshe waya. Nikachomoa plagi, nikairudisha, mlio ukasikika. Lenzi na kile kidude nilichokisugua vilizunguka mkono kwa mkono, na kila aliyeona aligeuka kumtazama mwenzake. Kisha mama yangu akafungua tenga la pili. Mayai yake yote yalikuwa juu, yenye duara la mkaa.

Siku ishirini na moja sikugusa skrubu, kwa sababu hapakuwa na skrubu ya kugusa. Mikono ilinisumbua kwa kukosa kazi. Nilifungua kifuniko kugeuza mayai, nikafunga.

Siku ya ishirini kabla ya chakula cha mchana nilisikia mlio nikadhani ni bodi. Haikuwa bodi. Ulitoka ndani ya yai ambalo bado lilikuwa zima. Niliweka sikio kwenye kioo. Kulikuwa na mtu ndani, anagonga. Ganda likatoa ufa mmoja, pale pale penye duara la mama, na ncha ndogo nyeupe ikatokeza, ikapumzika, ikatokeza tena. Kesho yake sanduku lilikuwa limejaa kelele. Vifaranga walioloa, wabaya wa sura, walikuwa wanajikongoja juu ya maganda yenye misalaba na majembe, na juu yao taa zikawaka, zikazima, zikawaka, bila kukosa. Mama alifika na shangazi. Alipiga magoti mbele ya kioo kwa muda. Alisema, "Ndaga," yaani asante, na hakusema anamshukuru nani.

Tangu hapo nimefunga bodi nyingi. Sipaki risasi kwenye ncha ya waya unaoingia chini ya skrubu. Mahali penye unyevu natumia vidude vilivyobanwa kiwandani, au nabana kwa koleo la kazi hiyo, ambalo sasa ninalo, na kimoja katika kila fungu nakikata nikitazame. Na kazi yangu ikiharibika, nasema ni mimi, siku hiyo hiyo.